Betri ya Jumatatu

Kitu nilichokiogopa zaidi katika mwaka wangu wa kwanza wa urubani hakikuwa anga. Kilikuwa mkono wangu wa kushoto. Anga ikikunja uso unaiona mapema, unageuza ndege, unarudi nyumbani. Lakini ukianza kuutilia shaka mkono wako mwenyewe, hakuna pa kurudi, maana unakwenda nao kila mahali, hata kitandani.

Nilikuwa nimepata kazi hapa kwetu Likasi, kwenye kiwanja kidogo cha ndege upande wa Buluo. Ndege ilikuwa moja tu, nyeupe, ya injini moja na viti sita, mabawa yake juu ya vichwa vya abiria. Ilipeleka dawa, walimu, mapadri na magunia ya kila namna kule Mitwaba, hasa wakati wa mvua, barabara inapogeuka tope. Mwenye ndege alikuwa rubani wa zamani, mzee mpole mwenye tabia ya kugusa kila kitu kabla ya kukiamini. Sote tulimwita patron. Alinichukua kwa kunipima kwanza. Siku ya kwanza, tukiwa tumesimama chini ya bawa, alinieleza bila kuzunguka: nikifika mwisho wa mvua bila uzembe, kiti ni changu, nikifanya uzembe mmoja wa maana, nitafute kazi nyingine. Kazi nyingine kwetu maana yake ni kiwandani, au usukani wa teksi. Niliitaka ile ndege kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikumwambia mtu, kwa sababu mtu mzima anayetaka kitu kiasi hicho huchekesha.

Basi Jumatatu moja asubuhi nilifika kiwanjani mapema, nikazunguka ndege kama kawaida, nikapima mafuta, nikapapasa tairi, nikapanda, nikakaa, mkono wa kushoto ukaenda kwenye swichi kuu. Ni swichi nyekundu, nusu yake ya betri, nusu yake ya altaneta, ile inayotengeneza umeme injini ikishazunguka. Ukiiwasha, mishale ya mafuta huinuka, kifaa kimoja nyuma ya dashibodi huanza kuvuma, na unajua ndege imeamka. Siku hiyo hakuna mshale ulioinuka. Nikazima, nikawasha, nikazima tena, nikawasha tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe walishahama. Kimya kabisa. Betri ilikuwa imekwisha.

Patron alikuja, akanitazama kupitia dirishani.

"Jana ulifunga master?"

Nikajibu ndiyo, swichi kuu niliizima. Halafu, kabla neno halijapoa mdomoni, nikagundua kwamba sijui. Nilikuwa nimeiwasha na kuizima mara kadhaa kwa hasira, mwisho nikaizima. Sasa ilikuwa imezimwa, hilo niliona. Lakini nilipoingia asubuhi ile, ilikuwa wapi? Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda siku zote, bila kuniuliza. Nilijaribu kukumbuka nikaona giza tupu.

Na sababu ya kuiwasha jana yake nilikuwa nayo. Jumapili, baada ya misa, patron alikubali nimlete mama yangu aione ndege. Mama alikuwa hajawahi kuikaribia. Tangu nilipoanza masomo ya urubani aliomba kila siku nibadilishe mawazo, na hakunificha. Siku hiyo alisema kama siwezi kuacha, basi walau aende kuiombea. Nikamwonyesha taa: nyekundu kwenye ncha ya bawa la kushoto, ya kijani kulia, nyeupe mkiani, na ile kubwa ya mbele inayomulika wakati wa kutua. Nikawasha zote, yeye akitikisa kichwa, nikazizima. Kisha nikashuka kuongea na patron habari za mafuta, mama akabaki kwenye kiti cha nyuma akimaliza sala yake. Wingu lilikuwa linapanda, tukaondoka haraka.

Juu kabisa ya mkia kuna taa nyekundu inayokonyeza. Patron alikuwa na sheria moja juu yake: swichi ya taa ile haizimwi kamwe. Inakaa imewashwa mwaka mzima, nayo hungoja swichi kuu. Ukiegesha ndege ukasahau swichi kuu, mkia utakukonyeza unapoondoka, nawe utarudi uzime. Ni desturi ya marubani wengi, na ni desturi nzuri, ila inamtaka mtu ageuke nyuma. Jumapili ile nilikuwa nimemshika mama mkono, nimeshika na mwavuli wake, naangalia wingu. Sikugeuka.

Patron akamwita mlinzi, mtu wa makamo aliyelala pale kiwanjani kila usiku, na ninaposema alilala namaanisha hivyo hivyo.

"Papa, usiku uliona ile taa ya mukia inawaka?"

"Apana, patron. Ya mukia haikuwaka."

"Ulikuwa unalala."

Mlinzi hakubisha. Mtu anayelala kila usiku hawezi kuapa kwamba usiku huo hasa alikuwa macho. Nikaona mtetezi wangu wa pekee anaangalia viatu vyake.

Nilipendekeza tuazime betri za lori, tuwashe injini kwa waya, tuondoke. Patron alikataa, na alikuwa na haki. Betri iliyokufa kabisa haiponi kwa kupigwa teke mara moja. Altaneta ikigoma njiani, betri ndiyo inayobaki kulisha redio na mabapa ya mabawa yanayotusaidia kutua taratibu. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba betri itoke, ipelekwe mjini ikachajiwe polepole, na mimi nikae chini hadi irudi, halafu ataamua.

"Pilote mwenye kusahau master leo," alisema, "kesho atasahau kufungula essence."

Alimaanisha mafuta ya injini. Afadhali angenitukana. Magunia ya Mitwaba tuliyashusha moja moja, mimi na mlinzi.

Nyumbani mama aliniuliza kwa nini nimerudi na jua bado liko juu. Nilimweleza. Alikaa akinisikiliza na sura ambayo sikuipenda, sura ya mtu anayehesabiwa haki.

"Na kama inakufia kule juu?" akauliza.

Nikamweleza kwamba injini ya ndege haitegemei betri ikishawaka. Ina magneto mbili, vyuma vya sumaku vinavyozungushwa na injini yenyewe, na hizo ndizo zinazotoa cheche. Umeme wote ukizimika, redio inanyamaza, taa zinakufa, lakini panga la mbele linaendelea kuzunguka. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa mikono na vijiko vya mezani.

"Huku kwetu," mama akasema, "courant ikienda, kila kitu inakufa. Pompe inakufa, mashini ya bunga inakufa. Ya kwenu njo itabakia?"

"Itabakia, mama."

"Basi ni weye unasahau." Akavuta pumzi. "Mwana yangu, muntu mwenye kusahau akae chini. Chini kazi iko."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ya patron, kwa sababu nilianza kuyaamini. Nilikuwa na siku nzima za kukaa bure, na mtu asiye na kazi hujichunguza kupita kiasi. Nilifunga mlango wa nje, nikafika barabarani, nikarudi kuangalia kama nimefunga. Nilikuwa nimefunga. Nikaenda tena, nikarudi tena. Mama mmoja muuza mandazi kwenye kona akaniuliza kama nimetupa kitu. Nilizima jiko nikakaa nalitazama. Nilijiuliza ni mara ngapi hewani nimewasha au kuzima kitu nikidhani nimefanya kumbe sijafanya, na nimefika salama kwa bahati tu. Usingizi ulikuja kwa shida. Nilimchukia kila mtu aliyeniambia pole, na nadhani nilimjibu vibaya padri mmoja ambaye hakuwa na kosa.

Betri nayo ilichelewa. Huko mjini walikoichaji umeme ulikuja na kuondoka utakavyo, kama huku mtaani. Nilikwenda kuiangalia Jumanne asubuhi na Jumatano asubuhi, na mara zote mbili fundi aliniambia bado, courant ilikatwa tena.

Jumatano alasiri tulikuwa barazani, mama na mimi, tunachambua maharage. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Ghafla nyumba nzima ikawaka: taa ya sebuleni, ya jikoni, ya chooni, na redio ikaanza kuhubiri kwa sauti ya juu katikati ya sentensi. Kwetu ndivyo ilivyo. Hakuna anayezima swichi umeme ukikatika. Unaiacha imewashwa, la sivyo utajuaje kwamba umerudi? Utakaa gizani na mshumaa wakati majirani wanapiga pasi. Mama ndiye hodari wa desturi hiyo mtaani petu. Akiingia nyumba yoyote, ya ndugu au ya mgeni, hujaribu swichi kwanza. Isipowaka, anaiacha wazi na kukaa.

Aliinuka akapunguza redio, akarudi ameridhika.

"Njo vile," akasema. "Bouton ukiiacha wazi, courant yenyewe inakuambia."

Akachota maharage mengine. Halafu, kama mtu anayeendeleza hadithi ya mvua na jua, akasema:

"Hata kwa avion yenu courant haikuwa."

Nikamuuliza avion gani.

"Ya patron. Ile siku ya yenga, kisha misa. Minye nilifinya bouton ya pale nyuma, karibu na mulango mukubwa. Nilitaka nione kama munaonaka vizuri kule ndani. Haikuwaka. Nikasema, eh, hata kwa patron ni délestage, wamekata courant."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu uliifunga, mama?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Nifunge ju ya nini? Niliiacha wazi. Ikirudia, muone."

Kwanza nilikumbuka swichi yenyewe. Kwenye nguzo ya mlango wa mizigo kuna swichi ndogo nyeusi, na chini ya bawa, nje, kuna taa ndogo ya kumulika mlango huo mtu akipakia gizani. Taa hiyo haipiti kwenye swichi kuu. Waya wake unatoka moja kwa moja kwenye betri, makusudi, ili mtu afungue mlango na kupakia bila kuamsha ndege nzima. Nilikuwa nimeisoma wakati wa masomo, nikaiweka kando, kwa sababu sisi hatupakii gizani. Mama alibonyeza saa sita mchana, akatazama ndani, na taa ikawaka nje, chini ya bawa, juani, ambako jicho haliwezi kuiona. Naye akafanya kile ambacho mtu yeyote wa Likasi angefanya. Ikanywa betri mchana kutwa na usiku.

Nilicheka. Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Haikuwa mimi. Mkono wangu ulizima. Ulikwenda wenyewe, bila kuniuliza, na ulizima. Patron na taa yake ya mkia, mama na taa zake za sebuleni, wote wawili wanaacha swichi wazi ili umeme uwape habari, na mimi nilikuwa katikati yao nikijiua kwa mawazo. Ningeweza kumkumbatia kila mtu barabarani, kuanzia na yule muuza mandazi.

Mama hakucheka. Nilipomweleza, aliendelea kuchambua maharage polepole, akitoa vijiwe.

"Basi haiko weye," akasema.

"Haiko minye."

"Na patron akijua, atakurudisha kule juu."

"Ndiyo, mama."

Akatupa kijiwe kimoja uani. Hapo ndipo nilipoelewa tulipofika. Kwa miaka yote alikuwa ameomba nishuke, na sasa nilikuwa nimeshuka. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Mimi nikienda peke yangu kusema ni mama, patron atasikia kijana anayemtupia kosa mama yake ili aokoe kiti. Ilibidi aseme mwenyewe.

"Kama hautaki, sitakulazimisha," nikamwambia. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwema, lakini moyoni nilikuwa tayari na hasira naye kwa jibu ambalo alikuwa hajalitoa.

Mama aliyapepeta maharage, akapuliza maganda.

"Minye namuomba Mungu akurudishe chini," akasema. "Naona alisikia, akatumikisha kidole yangu." Akaweka ungo chini. "Lakini sikumuomba akurudishe na jina mubaya. Kesho tutaenda wote."

Alhamisi asubuhi tulipofika, patron alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuirudisha betri mahali pake, na mlinzi alikuwa anamshikia bisibisi. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Akamsalimia patron kwa kupiga magoti kidogo, akakataa kiti.

"Patron, minye njo niliua betri yenu."

Alieleza yote kwa utaratibu, tangu sala mpaka swichi, hakupunguza wala kuongeza. Patron alimsikiliza, akanitazama mimi, na katika macho yake nikaona hasa kile nilichokiogopa: alidhani nimempangia la kusema. Alifanya alivyozoea, akaenda kugusa. Alikwenda kwenye mlango wa mizigo, akaangalia swichi nyeusi bila kuibonyeza. Ilikuwa imewashwa. Tangu Jumapili hakuna aliyeifikiria. Kisha akainama chini ya bawa, akavua kofia, akaikinga juu ya taa. Ndani ya kivuli cha kofia ilionekana taa ndogo ya manjano, inawaka kwa utulivu kabisa, inaanza kuinywa betri upya.

Tuliinama wote, vichwa vinne chini ya kofia moja.

"Ile minye niliiona," mlinzi akasema.

Patron akageuza shingo taratibu.

"Uliona lini?"

"Ile usiku. Niliwaza munaniachia ju ya minye, nione kidogo. Nilikulia pale chini bukari yangu," akasema, vidole vikifinyanga ugali hewani. "Pa asubuhi ikafa."

"Na haukusema?"

"Patron uliniuliza ya mukia. Ya mukia haikuwaka."

Patron alisimama, akavaa kofia, akaivua tena. Nilimwona akipigana na uso wake, kisha akashindwa, akacheka kicheko kirefu cha mzee, ameshika bawa. Mama alingoja kwa adabu mpaka kikaisha.

"Mama, bouton haikuwasha kitu, kwa nini haukuifunga?"

"Weye kwako munafungaka?" mama akamuuliza. "Munajuaka aje kama courant inarudia?"

Patron akapangusa macho. Akanigeukia, akanipa ufunguo bila maneno mengi.

"Petit, kesho Mitwaba. Bile magunia inangoja."

Nikaupokea. Nikaufuta kwa shati, ingawa ulikuwa safi. Patron aliona, akaniepushia aibu kwa kumgeukia mama.

"Na weye, Mama? Unaogopa ya kesho?"

Mama alijifunga kitenge vizuri kwanza.

"Patron, yenga yote, tangu betri ilikufa, minye sikulala. Niliwaza mutoto yangu anasahauka. Muntu mwenye kusahau, kule juu haimurudishake. Nilishaanza kumulilia." Akanigusa mkono, ule wa kushoto, nadhani hakujua ni upi. "Sasa naona mwenye kusahau ni minye. Na minye sirukake. Basi aende."

Akakaa juu ya gunia la kwanza aliloliona, akalia, si kwa huzuni. Nami nikalia palepale mbele ya patron, ufunguo mkononi, na sikujali nani ananiona.